Kati ya kunuka na kunukia: njia ya mtunga marashi

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano na sita, Tabora mjini

Walimu wetu, wazazi mliofika, na ninyi vijana: mwangaluka! Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotenganishwa na herufi moja. Kitu kikinuka, mtu huziba pua, kikinukia, husogea. Ndani ya ua la asumini kuna kemikali iitwayo indoli. Ukiwa nayo safi, fuwele zake zinanuka kama vidonge vya nafthalini vilivyosahaulika chooni. Izimue kwa alkoholi hadi ibaki sehemu 1 kwa 1,000, unuse tena: sasa ni ua, limefunguka usiku. Iondoe kabisa kwenye mchanganyiko wa asumini, nayo asumini inageuka kuwa tunda lenye harufu ya rangi ya kucha. Kemikali ni ileile mara zote, kilichobadilika ni kipimo. Anayejua kipimo cha vitu elfu moja na zaidi, na akaweza kuviona vikichanganyika kichwani kabla hajagusa chupa, huyo ndiye anayeitwa mtunga marashi bingwa. Wafaransa humwita pua tu, basi.

Wengi huamini kwamba mtu huyo huzaliwa hivyo. Imani hiyo imewakatisha tamaa vijana wengi wenye uwezo, na sayansi haiiungi mkono. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walichapisha ugunduzi wao wa jeni zinazounda vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Zinapishana kiasi kati ya mtu na mtu, lakini si hizo zinazomfanya mtu wa Paris awe bingwa. Bingwa anachowazidi ni kumbukumbu: kila anachonusa kina jina kichwani mwake, na kila jina anajua linakaa karibu na lipi.

Hata kasoro ya pua haimfukuzi mtu kazini. Wapo watu wengi wasioweza kabisa kunusa aina fulani ya miski ya maabara, ilhali miski nyingine wanaisikia vizuri. Mtunga marashi mwenye pengo la namna hiyo hulipima mapema, huliandika, kisha huweka miski mbili au tatu kwenye kazi yake badala ya moja. Kwa kufanya hivyo anawasaidia pia wateja wenye pengo kama lake, maana wako wengi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, tuanze na ile inayoweza kufanyika hapahapa Tabora wiki hii.

Tafuteni vichupa 12 vyenye mifuniko, vya kioo cheusi au cha kahawia. Sokoni na nyumbani mtapata karafuu, mdalasini, hiliki, tangawizi, kahawa iliyokaangwa, ubani, jani la tumbaku kavu, kipande cha nta, ganda la ndimu, mchaichai, jani la mkaratusi na mrehani. Namba iandikwe chini ya kichupa, isiandikwe ubavuni. Kila asubuhi kabla ya chai, mwenzako avichanganye, wewe ufumbe macho, unuse na kutaja. Dakika 15 zinatosha, kwa sababu baada ya hapo pua imechoka na unachojifunza ni makosa. Pua ikichoka toka nje, au nusa mkono wako mwenyewe mahali pasipo na sabuni. Buni za kahawa zinazowekwa kwenye maduka ya marashi hazisaidii kuliko hewa ya kawaida. Vitu vibichi vibadilishwe kila baada ya siku 3, la sivyo mtakariri harufu ya ukungu mkidhani ni mrehani.

Anayepata 12 kwa 12 siku tano mfululizo apunguze kila kitu nusu, aanze upya.

Daftari lina kazi kubwa kuliko vichupa. Kata vipande vya karatasi nyeupe nene isiyo na harufu, upana wa nusu sentimita, urefu wa sentimita 12. Hivi ndivyo vikaratasi vya kunusia. Andika jina na saa kwenye ncha moja kwanza, ndipo uchovye ncha ya pili. Ukichovya kabla ya kuandika, mezani patakuwa na vikaratasi vinane na hujui kipi ni kipi. Kisisuguane na pua, maana tone likishakupata puani siku yako ya kazi imeisha. Nusa mara moja, nusa baada ya dakika 30, nusa baada ya saa 4, nusa kesho yake. Ndimu itakuwa imekwenda zake kabla ya nusu saa. Waridi na mrehani hukaa saa kadhaa. Ubani, sandali na vanila utavikuta asubuhi. Huo mpangilio wa nani anatangulia na nani anabaki ndio mifupa ya marashi yoyote, na haukaririwi kitabuni, unakaririwa kwa vikaratasi.

Na muandike kwa maneno yenu. Neno la kuazima halikumbukwi. Kijana wa Urambo, kwenye wakulima wa tumbaku, akinusa kumarini, kitu chenye harufu ya nyasi zilizokauka, anaweza kuandika "bani la tumbaku siku ya tatu", yaani banda la kukaushia majani, na neno hilo litamkaa miaka 40. Akinusa jiosmini, ile harufu ya udongo wa hapa mvua za kwanza zikigusa ardhi baada ya kiangazi, hahitaji kufundishwa na mtu. Kannauj, kule India, watengeneza marashi huipata harufu hiyo kwa kuchoma udongo na kuukeneka, mvuke wake wakauingiza kwenye mafuta ya sandali. Watu wanainunua.

Utaratibu wa kujifunza ulio bora hadi leo ni wa Jean Carles, aliyeongoza shule ya marashi ya kampuni ya Roure mjini Grasse, kusini mwa Ufaransa, iliyoanza mwaka 1946. Yeye hakumpa mwanafunzi orodha ya alfabeti. Alianza na vitu vinavyopingana: ndimu mbele ya karafuu, mkaratusi mbele ya vanila. Mwanafunzi akishazoea umbali mkubwa, anapewa umbali mdogo: ndimu, limau, chungwa, chenza. Hapo ndipo wengi hukwama. Kumtenga simba na mbuzi ni rahisi; kuwatenga mbuzi tisa weusi ni kazi ya mchungaji.

Hatua inayofuata ni mwafaka. Chukua vitu viwili vilivyozimuliwa kwa nguvu ileile, tuseme chungwa na mdalasini, utengeneze vichupa tisa: sehemu 9 kwa 1, 8 kwa 2, 7 kwa 3, hadi 1 kwa 9. Mahali fulani katikati kuna kichupa ambacho ndani yake husikii chungwa wala mdalasini, unasikia kitu cha tatu. Huo ndio mwafaka, na kipimo chake unakiandika kwa wino. Mwanafunzi makini hufanya mamia ya miwafaka hii kabla hajaruhusiwa kuita kitu chochote marashi.

Nitoe mfano wa waridi, kwa sababu unaonyesha nguvu ya kitu kidogo. Alkoholi ya fenili-ethili sehemu 50, sitroneloli 30, geranioli 17, eugenoli 3. Eugenoli ni roho ya karafuu zetu za Pemba na Unguja. Itoe hiyo sehemu 3, waridi linabaki bapa, kama maji ya waridi yaliyokaa wazi. Ipandishe hadi 10, hakuna waridi tena, una karafuu iliyovaa kanzu ya ua.

Msipime kwa matone. Tone la mafuta mazito ni kubwa, la mafuta mepesi ni dogo, na kila kitonesho kina mdomo wake. Fomula ya matone hairudiki. Pimeni kwa uzito. Mizani ya kusoma gramu 0.01 inatosha kuanzia, ya maabara husoma 0.001. Na hapa kuna mtego unaowanasa wengi: ukitengeneza gramu 10 za mchanganyiko, kitu kinachotakiwa kiwe sehemu 1 kwa 1,000 kina uzito wa gramu 0.01, na mizani yako inabahatisha tu. Dawa yake ni kukizimua kwanza. Gramu 1 ya kitu ndani ya gramu 9 za alkoholi inakupa myeyusho wa asilimia 10, na kutoka humo unapima gramu 0.1 bila wasiwasi. Vitu vikali kama indoli na aldehaidi hupunguzwa hadi asilimia 1, pengine 0.1. Nguvu ya myeyusho iandikwe kwenye lebo kwa herufi kubwa. Asilimia 10 iliyodhaniwa kuwa asilimia 1 imeharibu kazi za watu wenye miaka 20 kazini.

Alkoholi iwe ya asilimia 96, iliyosafishwa. Gongo haifai hata kidogo: ina harufu zake, na inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu hata kwa kuingia kwenye ngozi. Mvuke wa alkoholi safi hushika moto kuanzia nyuzi joto 17 hivi, na Tabora ni nadra mchana kuwa chini ya hapo. Kwa hiyo kibatari, jiko la mkaa na sigara viwe chumba kingine.

Baada ya hapo ni shule. Kemia haina mbadala. Michepuo ya PCB, PCM au CBG yote inafaa, mradi kemia isiwe ile ya kufaulia mtihani tu. Esta, aldehaidi, ketoni, laktoni, terpeni, yaani makundi ya kemikali zenye harufu: mkizifahamu kwa mchoro na kwa pua pamoja, mko mbele ya wenzenu wengi. Shahada ya kwanza ya kemia isomwe hapahapa nchini. Kifaransa kianze leo, si siku ya kuomba viza.

Mbele ya hapo, shule za fani hii duniani ni chache. ISIPCA ya Versailles ilianzishwa mwaka 1970 na Jean-Jacques Guerlain. Taasisi ya marashi ya Grasse ilianza mwaka 2002, nayo inafundisha kwa Kiingereza. Kisha kuna shule za ndani za makampuni makubwa yanayotunga sehemu kubwa ya marashi ya dunia: Givaudan, dsm-firmenich, IFF na Symrise. Hizo huchukua wachache mno, na mara nyingi huwachukua waliokwisha kuingia kampuni kwa mlango mwingine.

Milango hiyo mingine isidharauliwe. Kuna mpimaji, anayetekeleza fomula za wengine gramu kwa gramu. Siku hizi mashine hupima sehemu kubwa, lakini vitu vizito, vya unga na vya kunata bado vinamtaka mtu. Kuna mchambuzi wa kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha viambato na kuvionyesha kwa mchoro, anayefungua marashi na kusema ndani yake mna nini. Kuna mtathmini, anayesimama kati ya mteja na mtunga. Kuna mnunuzi wa malighafi, anayezunguka mashambani. Mpimaji aliyekaa miaka 3 kwenye mizani amekwisha kusoma fomula za mabingwa ambazo hakuna chuo kitakachomwonyesha, kwa sababu fomula za marashi ni siri za nyumba, yaani makampuni ya marashi.

Mtunga mdogo hufanya kazi chini ya mkubwa miaka kadhaa. Anapewa kunakili marashi ya zamani kwa pua, kisha analinganisha na mashine. Mashine haimalizi kazi: mafuta ya asili yana mamia ya viambato, na viwili vinavyotoka pamoja kwenye mchoro vinahitaji pua kuvitenganisha. Halafu yanakuja maagizo ya wateja. Agizo husema marashi ni ya nani, yatauzwa nchi zipi, yataingia kwenye nini, na bei ya kilo isizidi kiasi gani. Nyumba kadhaa hushindania agizo moja. Mtunga hubadilisha fomula yake mara mia na zaidi, na mara nyingi mteja halipii kazi hiyo. Nyumba inapata fedha pale tu itakaposhinda na kuuza mafuta. Asiyeweza kuona kazi ya miezi 8 ikitupwa Ijumaa na kuanza nyingine Jumatatu, atateseka.

Kuanzia siku ya kwanza ya mafunzo hadi kuaminiwa kubeba agizo kubwa peke yako, hesabu miaka 7 hadi 10. Jina la bingwa halina mtihani. Kampuni humpa mtu baada ya marashi yake kuuzwa na kudumu, mara nyingi akiwa na miaka 20 na zaidi ya kazi.

Mabinti, fani hii ilikuwa ya wanaume, tena ya kurithishana baba kwa mwana, Germaine Cellier alipoingia. Alisomea kemia, akaajiriwa Roure, akatunga marashi ya Bandit mwaka 1944 na ya Fracas mwaka 1948. Ndani ya Bandit alipandisha kemikali yenye harufu kali ya ngozi ya viatu kuliko wenzake walivyothubutu. Aliweza kwa sababu alijua kemikali yake.

Nije nyumbani. Mkoa huu una vitu viwili ambavyo watunga marashi wa Grasse wanavyo kwenye rafu zao: nta na tumbaku.

Kiini cha nta hupatikana kwa kuiloweka kwenye alkoholi ya moto, kuipoza sana ili nta igande, kuchuja, kisha kuvukiza alkoholi. Kinachobaki ni kidogo, kizito, cha rangi ya asali, kinanukia asali, nyasi kavu na tumbaku kwa pamoja. Hakuna kemikali moja ya maabara inayokifikia. Lakini nta inayofikishwa sokoni mara nyingi imekwisha kuuawa. Nta huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65. Ikipita 85 inaanza kubadilika rangi na kupoteza harufu. Mfugaji anayeiweka sufuriani juu ya moto moja kwa moja anaiunguza bila kujua. Iyeyushwe ndani ya maji, kwa moto mdogo, na maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvichumvi. Chombo cha chuma kinachoshika kutu au cha shaba huitia nta weusi. Aluminiamu au chuma kisichoshika kutu kinafaa. Moshi mwingi wakati wa kulina unaingia kwenye masega na hautoki. Anayechanganya parafini ili uzito uongezeke anajulikana maabara siku hiyohiyo, na mnunuzi harudi. Kinyume na wanavyofikiri wengi, kwa kazi hii nta iliyosafishwa hadi kuwa nyeupe haitakiwi. Masega makuukuu yenye mabaki ya chavua ndiyo yenye harufu. Mji huu una chuo cha ufugaji nyuki. Kijana wa kemia na kijana wa chuo kile wanapaswa kujuana.

Tumbaku nayo hukamuliwa kiini, ila Ulaya nikotini hairuhusiwi katika vipodozi, hivyo lazima iondolewe, au mtunga aijenge harufu ya tumbaku bila jani: kumarini, vanila, mwerezi, na nta ileile. Nikiulizwa nichague, nachagua nta. Kuni za mabani zinakula miombo, na nyuki wanaishi kwa maua ya miombo.

Kwa anayetaka kula jasho lake mapema, mlango ulio karibu ni sabuni. Sabuni ya kuogea hubeba marashi kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5, nayo ni uwanja mgumu kuliko chupa ya Paris. Magadi huifanya iwe na pH ya 9 hadi 10. Hapo esta nyingi huvunjika, na harufu ya matunda uliyoinunua kwa bei inapotea ndani ya wiki chache. Vanilini huifanya sabuni iwe ya kahawia. Mafuta ya karafuu yakitiwa kwenye sabuni ya baridi, isiyopikwa, huigandisha sufuriani kabla hujafika kwenye chano. Yatiwe mwisho, kidogo, mafuta ya sabuni yakiwa yamepoa. Mchaichai huvumilia zaidi, lakini kilo 10 za majani mabichi zinatoa gramu 20 hadi 50 tu za mafuta, basi pigeni hesabu ya kuni na maji kabla ya kununua mtambo.

Ndimu ina hatari yake. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda, yakipakwa na kupigwa na jua, huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Kanuni za IFRA, chombo cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1973, zinaweka kikomo cha asilimia 0.7 kwa kitu kinachobaki kwenye ngozi. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa kwa mvuke hayana tatizo hilo. Kwa jua la Tabora, ulizeni muuzaji ni yapi kabla ya kulipa. Na kipodozi chochote cha kuuza kisajiliwe TBS, shirika la viwango la Tanzania, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo tangu 2019. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa mkoani watawaonyesha fomu.

Mezani hapa mbele kuna vikaratasi vya kunusia, vitatu kwa kila mmoja wenu, vina namba tu. Viwili vimechovywa kwenye nta iliyoyeyushwa ndani ya maji, kimoja kwenye nta iliyoungua. Tuanze na safu ya nyuma. Nusa, andika namba ya kile kilicho tofauti na neno lako moja la kukielezea, usimwonyeshe jirani. Halafu kiweke mfukoni mwa daftari, ukinuse tena kesho asubuhi kabla ya chai.